Ileostomi na upungufu wa maji mwilini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyewekewa ileostomi karibuni, na wa yule anayemuuguza nyumbani. Ileostomi ni upasuaji unaotoa utumbo mwembamba nje kupitia tundu la tumboni, liitwalo stoma, na kinachotoka humwagika kwenye mfuko. Hauchukui nafasi ya daktari wako wala muuguzi wa stoma. Pale walipokupa maagizo tofauti kwa sababu ya figo, moyo au jambo lingine wanalolijua juu yako, fuata yao.

Kwa nini mwenye ileostomi huishiwa maji upesi kuliko watu wengine?

Kila siku utumbo mwembamba hupokea lita 8 hadi 9 za majimaji. Lita 2 hivi ni zile ulizokula na kunywa. Zilizobaki zimetoka mwilini mwako mwenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya ukuta wa utumbo. Sehemu kubwa hunyonywa humo humo, na lita 1 hadi 1.5 husonga mbele hadi utumbo mpana. Huko nako hunyonywa karibu yote, ndiyo maana choo cha kawaida hubaki na mililita 100 hadi 200 tu za maji. Ileostomi huvitoa vyote nje kabla ya kufika huko.

Habari ya maji watu huielewa upesi. Inayosahaulika ni chumvi. Kila lita inayotoka kwenye ileostomi hubeba sodiamu ya milimoli 90 hadi 120, ambayo ni sawa na gramu 5 hadi 7 za chumvi ya mezani, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Mtu anayetoa lita 2 kwa siku, huku anakula kidogo kwa kukosa hamu na chakula chenyewe kimepikwa bila chumvi, anamaliza akiba ya mwili wake kwa siku chache.

Hatari ni kubwa wakati gani?

Wiki za mwanzo baada ya kuruhusiwa. Kwa kawaida stoma huanza kutoa ndani ya siku 1 hadi 3 baada ya upasuaji, na mwanzoni hutoa maji ya kijani. Baadaye utumbo mwembamba huzoea na kunyonya zaidi, na kinachotoka huwa na uzito wa uji. Kuzoea huko huchukua wiki kadhaa, kwa wengine miezi 2 au 3. Lakini hospitali haikuweki miezi 3. Unaruhusiwa baada ya siku chache, pengine kabla hujaanza kula vizuri. Unafika nyumbani, hamu inarudi, unakula, na mfuko uliokuwa ukimwagwa mara 4 kwa siku sasa unamwagwa mara 9, na hakuna muuguzi wa kuandika kiasi.

Ndiyo maana upungufu wa maji ni mojawapo ya sababu kubwa kabisa za watu wenye ileostomi mpya kurudishwa wodini, na mara nyingi ndiyo inayoongoza. Inaudhi zaidi kwa sababu sehemu kubwa ya hali hizo ingezuilika kwa chombo cha kupimia, daftari na mtu wa kumpigia simu.

Nikisikia kiu, si ninywe maji tu, tena mengi?

Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Mtu anaruhusiwa, anaambiwa "kunywa maji mengi", na anatii. Chupa ya lita moja na nusu iko kando ya kitanda. Anaimaliza, anaijaza tena. Kiu haipungui. Mfuko unajaa haraka, na kinachotoka ni maji yenye rangi tu. Anaona anapoteza maji, basi anaongeza kunywa. Siku moja asubuhi anainuka kitandani na kulazimika kushika ukuta asianguke.

Sababu iko kwenye utumbo wenyewe. Ukuta wa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba hauwezi kuzuia tofauti kubwa ya chumvi kati ya damu na kilichomo ndani ya utumbo. Ukimeza maji matupu kwa wingi, sodiamu hutoka kwenye damu na kuingia utumboni mpaka pande mbili zikaribiane. Mwenye utumbo mpana huirudisha baadaye. Wewe unaimwaga pamoja na mfuko. Kwa mtu ambaye stoma yake inatoa sana, kuendelea kunywa maji matupu ni kujaza pakacha maji, na kila glasi inaondoka na chumvi kidogo.

Chai, kahawa na vinywaji visivyo na sukari viko kundi moja na maji. Soda na juisi ya matunda zina kasoro ya upande wa pili: sukari ni nyingi mno, chumvi karibu hakuna, na sukari hiyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaingiza utumboni. Vinywaji vya wanamichezo navyo, pamoja na matangazo yake yote, kwa kawaida vina sodiamu kidogo kuliko unayohitaji.

Kinachosaidia ni kunywa chumvi na sukari pamoja, kwa vipimo. Katika ukuta wa utumbo mwembamba kuna protini inayobeba sodiamu na glukosi kwa wakati mmoja, na maji huzifuata. Upasuaji wa ileostomi hauiharibu. Hiyo ndiyo siri nzima ya ORS, yaani maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo, ya kurudisha maji mwilini.

Maji si sumu, tusielewane vibaya. Mtu ambaye stoma yake imetulia, inatoa chini ya lita 1 kwa siku, na anakula chakula chenye chumvi, anaweza kunywa maji kwa kiasi bila shida yoyote. Onyo linamhusu anayetoa sana, na anayejaribu kujitibu kwa maji matupu.

ORS ipi, na ninaitengenezaje?

Pakiti ya ORS inayofuata kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina, kwa lita 1 ya maji, chumvi gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Hiyo hutoa sodiamu milimoli 75 kwa lita. Kanuni ya zamani ilikuwa na 90. Kwa kuzuia upungufu, na kwa stoma inayotoa kiasi cha wastani, pakiti hii inafaa. Changanya kwa maji yaliyoandikwa kwenye pakiti, si zaidi wala pungufu. Kuna madaktari wanaowaagiza baadhi ya wagonjwa watengeneze ORS kali zaidi ya kawaida. Usifanye hivyo kwa kukisia.

Kwa wale wanaotoa sana, hospitali ya St Mark's ya London, inayojulikana kwa magonjwa ya utumbo, ina mchanganyiko wake ambao umeenea sehemu nyingi: chumvi gramu 3.5, glukosi gramu 20 na baikaboneti ya sodiamu gramu 2.5 kwa lita 1 ya maji. Sodiamu yake inafika milimoli 90 hivi. Mwombe mfamasia akupimie. Magadi ya kawaida si baikaboneti iliyotajwa hapa, usiyatie.

Ukikosa vyote hivyo usiku wa manane, tumia njia ya nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, nacho kilichosawazishwa. Onja. Isiwe na chumvi kuzidi machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu na chumvi yake ni pungufu kidogo, kwa hiyo ni wa kukuvusha hadi upate pakiti.

Ladha yake haipendezi, na kukanusha hilo ni kudanganya watu. Iweke kwenye jokofu, kamulia tone la limau, tumia mrija, na inywe kwa mafunda madogo siku nzima. Ukiimeza glasi nzima kwa mkupuo itakimbilia kwenye mfuko. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage, tengeneza nyingine.

Ninywe kiasi gani kwa siku?

Kama stoma imetulia, jumla ya lita 2 hivi za vinywaji vya aina mbalimbali huwatosha watu wazima wengi, na nyongeza wakati wa joto au jasho. Glasi moja au mbili za ORS kati ya hivyo ni desturi nzuri katika wiki za mwanzo hata kama unajisikia vizuri.

Kama stoma inatoa kupita kiasi, hesabu inageuka, na hapa watu hushangaa: madaktari wengi huagiza ORS lita 1 au zaidi kwa siku, na vinywaji vingine vyote, maji yakiwemo, visizidi mililita 500 hadi 1,000. Ndiyo, unapunguza maji ili ubaki na maji. Ila agizo hilo hutolewa na timu yako baada ya kuona takwimu zako. Usijiwekee kizuizi cha maji mwenyewe huku unasikia kizunguzungu.

Stoma ikitoa kiasi gani ndiyo kawaida?

Kati ya mililita 500 na 1,000 kwa saa 24, wengine hadi 1,200. Ikipita 1,500 toa taarifa siku hiyo hiyo. Kwenye 2,000 hakuna mjadala, unahitaji msaada wa haraka.

Sasa, usipime kwa macho. "Mfuko ulijaa kidogo" si kipimo, na mfuko wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine. Tafuta jagi la plastiki lenye alama za mililita, liandikwe, lisiingie jikoni kamwe. Mwaga mfuko kwenye jagi ukiwa umejaa theluthi moja hadi nusu, soma alama, andika, mwaga chooni, suuza. Daftari lina safu nne: saa, kilichotoka, ulichokunywa, mkojo. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: saa 11 alfajiri, 350, chepesi; ORS glasi 1; mkojo kidogo, wa njano kali. Mtu wa simu ya hospitali akisikia hivyo anajua la kufanya. Akisikia "inatoka sana" hajui lolote.

Pima kila siku kwa wiki 2 au 3 za kwanza. Baadaye pima kila unapobadilisha chakula au dawa, na kila unapohisi hauko sawa. Kama una mizani, jipime uzito kila asubuhi baada ya kukojoa: kilo 1 au 2 zikiondoka ndani ya siku moja au mbili, ni maji hayo, hujakonda.

Nitajuaje kwamba maji yananiishia?

Anza na mkojo. Ukikojoa mara chache kuliko kawaida, kidogo, na wa rangi iliyokolea, figo zinabana matumizi. Unataka mkojo unaokaribia lita 1 kwa siku. Chini ya mililita 500 ni hatari. Vitamini za kundi B hugeuza mkojo kuwa njano kali, basi usihukumu kwa rangi peke yake.

Dalili nyingine: mdomo mkavu, kiu isiyokatika, kizunguzungu unaposimama, kichwa kuuma, uchovu wa ghafla, moyo kwenda mbio, misuli ya miguu kukakamaa usiku. Ganzi au mchonyoto kwenye vidole na kuzunguka mdomo huashiria magnesiamu imeshuka, na hiyo inahitaji kipimo cha damu. Kwa mzee, dalili ya kwanza inaweza kuwa kuchanganyikiwa: anasahau mambo, anajibu ovyo, analala mchana kutwa. Nyumbani hudhaniwa ni uzee.

Kichefuchefu na kukosa hamu nazo zimo, na ndizo zinazoendeleza tatizo, kwa sababu mtu anaacha kula chumvi yake ya siku.

Chakula gani hupunguza umajimaji?

Wali mweupe, ndizi mbivu, mkate mweupe, viazi vilivyomenywa, tambi, uji wa shayiri, siagi ya karanga iliyosagwa laini. Kula kidogo kidogo mara 5 au 6 kwa siku badala ya milo miwili mikubwa, na ongeza chumvi mezani kama daktari hajakukataza. Wengi hushauriwa kunywa nusu saa kabla au baada ya kula badala ya kusukuma chakula kwa glasi ya maji. Kwa baadhi ya watu inasaidia sana, kwa wengine haibadilishi kitu. Jaribu, daftari litakuambia.

Punguza vitu vitamu sana, juisi, pombe, kahawa nyingi, pilipili kali, na vyakula vya mafuta mengi. Maziwa yakikuongezea, yaache kwa muda.

Wiki 6 hadi 8 za kwanza kaa mbali na vile vinavyoweza kuziba: njugu nzima, bisi, mahindi ya punje, nazi, uyoga, matunda makavu, maganda ya matunda, mboga mbichi zenye nyuzi ngumu. Ukivirudisha, kimoja kimoja, kidogo, ukitafuna mpaka kilainike kabisa.

Nimeandikiwa loperamidi. Si ni dawa ya kuharisha?

Ni hiyo hiyo. Kazi yake hapa ni kupunguza mwendo wa utumbo ili maji yapate muda wa kunyonywa. Inafanya kazi vizuri zaidi ikimezwa nusu saa hadi saa 1 kabla ya kula, na nyingine kabla ya kulala. Watu wengi huimeza baada ya mlo, au wakishaona mfuko umejaa, kisha wanalalamika haisaidii. Kosa liko kwenye saa.

Dozi ataipanga daktari. Usishangae ikiwa kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi kwa ajili ya kuharisha kwa kawaida, lakini usiipandishe mwenyewe, kwa sababu dozi kubwa mno inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Ukiona kidonge kimetoka kizima kwenye mfuko, uliza kama unaweza kupewa cha kufungua au cha kuyeyuka mdomoni.

Usiitumie kama tumbo limevimba na kuuma huku stoma imenyamaza, wala kama una homa na umajimaji wa ghafla, mpaka uonwe. Huenda kuna kuziba au maambukizi.

Loperamidi isipotosha, daktari anaweza kuongeza kodeini, au dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli, ambazo hupunguza majimaji yanayomwagwa na tumbo lenyewe.

Na dawa zangu nyingine, za presha na za sukari?

Swali hili liulizwe kabla ya kuruhusiwa, tena kwa kutaja kila dawa kwa jina. Dawa za kukojoza kama furosemidi na haidroklorothiazidi huongeza kupotea kwa maji na chumvi ambavyo tayari vinakutoka. Dawa za presha za jamii ya enalaprili, lisinoprili na losatani hufanya figo zishindwe kujilinda mwili ukiwa mkavu. Diklofenaki na ibuprofeni huumiza figo hizo hizo. Metformini inaweza kuongeza kuharisha, na mwili ukikauka figo hushindwa kuitoa. Dawa za sukari za jamii ya dapagliflozini hukutoa maji kupitia mkojo na zinaweza kuleta asidi hatari kwenye damu.

Hii si ruhusa ya kuzitupa. Baadhi ya wagonjwa husimamishiwa au kupunguziwa kwa muda, wengine huambiwa waziache siku za kuugua tu kisha wazirudie. Omba agizo hilo liandikwe kwenye karatasi: ipi, lini niiache, lini niirudie. Nimeona watu wakiruhusiwa na orodha ya dawa iliyonakiliwa kutoka ile waliyoingia nayo, kana kwamba hakuna kilichobadilika tumboni.

Vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole huweza kupita bila kunyonywa vizuri. Vidonge vya magnesiamu vinaweza kuongeza kinachotoka. Dawa za kulainisha choo hazikuhusu tena, hata kama ziko kwenye kabati la nyumbani kwa nia njema.

Nina presha, nimeambiwa miaka yote nipunguze chumvi. Sasa mnaniambia niiongeze?

Katika hali nyingi, ndiyo, kwa sababu inayokutoka ni nyingi kuliko uliyoambiwa upunguze. Lakini kama moyo wako umeshindwa kazi au figo zina ugonjwa wa muda mrefu, pande mbili zinavutana na huwezi kuamua peke yako. ORS nayo ina potasiamu, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Timu ya upasuaji na daktari wako wa moyo au figo wazungumze. Ukiona hawajazungumza, wewe ndiye wa kuwakutanisha.

Nina kisukari. ORS si itanipandishia sukari?

Glukosi yake ni gramu 13.5 kwa lita nzima, chini sana ya iliyomo kwenye soda. Inywe, pima sukari kama kawaida.

Stoma imenyamaza saa kadhaa. Nifurahi?

Hapana. Ikikaa saa 4 hadi 6 bila kutoa kitu, na tumbo linanyonga, limevimba, unachefuka au kutapika, chukulia kuna kuziba. Acha kula vitu vigumu, legeza mfuko kama tundu linabana, kaa kwenye maji ya uvuguvugu au kanda tumbo taratibu ukijikunyata magoti kifuani. Ukitapika, au maumivu yakizidi, nenda hospitali, usingoje.

Kuna sura nyingine inayodanganya: maji matupu yanaruka kwa nguvu pamoja na mnyongo mkali. Mtu anasema ni kuharisha, anameza loperamidi. Mara nyingine ni kuziba nusu, na maji yanapenya pembeni.

Nikiharisha au kutapika kweli kweli, au joto likiwa kali?

Anza ORS mapema, kabla ya dalili. Ukitapika kiasi kwamba hakuna kinachokaa tumboni kwa saa chache, unahitaji dripu, na nyumbani hakuna mbadala wake. Umajimaji unaokuja ghafla baada ya wiki za utulivu una chanzo chake: maambukizi ya utumbo, antibiotiki, dawa mpya, dawa ya steroidi iliyokatishwa ghafla, usaha tumboni. Atafutwe mkosaji, isiishie kwenye kuongeza loperamidi.

Siku za joto au kazi ya jasho, ongeza ORS na chumvi kwenye chakula. Hiyo inatosha kwa wengi.

Usiku mfuko unajaa kupita kiasi. Nifanyeje?

Kula mlo wa jioni mapema na uwe mzito kwa wanga, usinywe sana kabla ya kulala, meza dozi ya usiku ya loperamidi kama umeandikiwa. Kuna mifuko mikubwa ya usiku inayounganishwa kwa bomba. Usisahau kupima kilichomo asubuhi, maana watu huhesabu cha mchana tu na kupata jumla ya kupendeza isiyo ya kweli.

Ninatumia tiba ya kemikali ya saratani nikiwa bado na ileostomi. Kuna tofauti?

Kubwa. Dawa kadhaa za saratani ya utumbo, zikiwemo fluorourasili, kapesitabini na irinotekani, huleta kuharisha zenyewe, na kwa mwenye ileostomi hilo huonekana kwenye mfuko haraka. Mwambie daktari wa saratani kiasi kinachotoka kabla ya kila mzunguko, si baada. Dozi inaweza kusogezwa au kupunguzwa.

Nani aangaliwe kwa karibu zaidi?

Wazee, wenye ugonjwa wa figo, wanaomeza dawa za kukojoza, wenye kisukari, waliokatwa sehemu ndefu ya utumbo mwembamba, na wale ambao stoma yao ilikuwa inatoa sana hata kabla hawajaruhusiwa. Mtoto mchanga mwenye ileostomi ni habari nyingine kabisa: akikosa sodiamu huacha kuongezeka uzito, na vipimo vyake hupangwa na daktari wa watoto.

Nidai nini kabla ya kuruhusiwa?

Neno "kudai" nimelichagua. Mwaka 2012, timu ya hospitali moja ya Boston, Marekani, ilichapisha matokeo ya utaratibu wake: mgonjwa anafundishwa kabla ya upasuaji, akiwa wodini anamwaga na kupima mwenyewe, anaondoka na vifaa vya kupimia na karatasi ya kuandikia, na muuguzi anamfuatilia nyumbani. Kabla ya hapo, asilimia 15.5 ya wagonjwa wao wapya walikuwa wakirudishwa kwa upungufu wa maji. Katika kundi la kwanza la watu 42 waliofuata utaratibu huo hakurudi hata mmoja kwa sababu hiyo. Kundi ni dogo na lisitumike kama ahadi, lakini ona walichotumia: jagi, kalamu, mafunzo na simu.

Kwa hiyo usiondoke mpaka umemwaga mfuko mwenyewe mbele ya muuguzi na kusoma kipimo kwa sauti. Uondoke na jagi, ORS ya siku kadhaa, loperamidi kama umeandikiwa pamoja na maelezo ya saa, orodha ya dawa iliyopitiwa upya, namba ya simu inayopokelewa na mtu, na tarehe ya kipimo cha damu ndani ya wiki 1 au 2. Kipimo hicho kiangalie sodiamu, potasiamu, magnesiamu na kreatinini. Kreatinini, takataka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, hupanda mapema, wakati mwingine kabla mgonjwa hajalalamika, na figo zinazokauka mara kwa mara huweza kupoteza sehemu ya uwezo wao moja kwa moja.

Nipige simu lini, na niende moja kwa moja lini?

Piga simu siku hiyo hiyo kama kilichotoka kimepita mililita 1,500 kwa saa 24, kama umemwaga mfuko zaidi ya mara 8 na ni maji matupu, kama mkojo umepungua na kukolea, kama misuli inakakamaa, au kama ORS ya siku nzima haijabadilisha chochote.

Nenda hospitali bila kupiga kwanza ukizimia au kukaribia kuzimia, moyo ukienda mbio ukiwa umepumzika, usipokojoa kwa saa 8 hivi, ukichanganyikiwa, ukitapika mfululizo, ukiwa na homa pamoja na maumivu ya tumbo, au stoma ikigeuka zambarau iliyokolea au nyeusi.

Nikifika idara ya dharura niseme nini?

Daktari wa zamu huenda hajamwona mwenye ileostomi kwa muda mrefu, na akisikia "ninaharisha" atakupanga foleni ya wanaoharisha. Anza hivi: "Nina ileostomi, nilipasuliwa tarehe fulani, kwa saa 24 zilizopita imetoa lita 2 na nusu, nimekojoa mara moja tu." Mpe daftari. Taja dawa za presha na sukari ulizomeza leo. Waombe wapime magnesiamu pamoja na vipimo vingine, maana mara nyingi haimo kwenye orodha ya kawaida, na potasiamu haitapanda vizuri kama magnesiamu na chumvi havijarekebishwa. Dripu inayotumika kwa kawaida ni ya chumvi, ile ya asilimia 0.9. Wakati inaingia, usiagize chupa kubwa ya maji kando ya kitanda. Na kabla hujaruhusiwa tena, uliza nini kilichosababisha safari hii na kipi kinabadilishwa kwenye dawa, kwa sababu dripu imekurudishia maji ya leo tu na stoma bado inatoa.